Kaka, Mkwaruzo Ule Ulikuwa Wako

Mwaka umetimia, Kaka, tangu tukuzike. Wenzetu wanaofikisha mwaka huandika kwamba pengo halizibiki, na kwamba kila wakiinua macho juu wanamwona mpendwa wao akiwatabasamia. Sisi tukiinua macho tunaona nyota, basi, na tumekukasirikia. Tumeona tuliseme mapema ili msomaji asije akatoa leso bure.

Anayeandika haya ni mdogo wako wa mwisho, yule uliyembandika jina la Kibiriti kwa kuwa anawaka upesi. Familia imemtuma yeye kwa sababu hiyo hiyo. Mama ametoa sharti moja tu, kwamba mema yako yatangulie. Haya, Mama, yanatangulia.

Ulikuwa fundi funguo na mnoaji wa visu, mikasi na misumeno, na kibanda chako pale nyuma ya posta kilifunguliwa kabla posta yenyewe haijafunguliwa. Mtu akijifungia nje huku sufuria liko motoni, hukumwuliza ni nani. Ulibeba kisanduku ukamfuata, na ukirudi chai yako imepoa unainywa hivyo hivyo. Bibi wa nyumba ya kona alipoteza ufunguo mara nne kwa mwaka mmoja, na mara zote nne ulimwambia kosa ni la mfuko wa gauni, si lake yeye. Bibi huyo alikulilia msibani kuliko ndugu zako wa damu, na tulimwelewa.

Ulikuwa unafuta miwani kwa upindo wa shati na kuichafua zaidi. Ulikuwa unapiga mluzi ukinyoa ndevu. Ukijikata unanyamaza, kisha unaendelea palepale wimbo ulipokatikia. Majina ya nyota uliyajua kuliko majina ya shemeji zako. Ulianzisha Chama cha Watazamanyota kikiwa na watu watatu, ukakiacha kina watu sitini, na kila aliyekuja kutazama, mrefu kwa mfupi, ulimsogezea kigoda, ukamshika bega, ukamwambia, "Usiharakishe. Zipo tu, zitakungoja." Kwa hilo tunakupa haki yako.

Mema yamekwisha. Sasa tuje kwenye darubini.

Chama kina darubini tano siku hizi, lakini inayopendwa ni ile ya kwanza, ya bomba la plastiki la maji machafu, yenye miguu ya mbao aliyoichonga seremala wa mtaa wa pili. Ile haikununuliwa. Ilitengenezwa nyumbani kwa Mama miaka thelathini na miwili iliyopita, na walioitengeneza walikuwa wawili, wewe na dada yetu.

Kwa wasiojua, roho ya darubini ya aina ile ni kioo kilichobonyea kidogo katikati. Mlikatiwa na fundi vioo duara mbili, unene wa vidole viwili. Moja ikawekwa juu ya pipa, nyingine juu yake, na katikati unga mweusi mgumu pamoja na maji. Unasukuma kioo cha juu mbele na nyuma, unapiga hatua moja kulizunguka pipa, unasukuma tena. Cha juu kinabonyea polepole, cha chini kinavimba. Ndiyo kazi yote, na ilichukua miezi saba.

Na miezi saba hiyo alikuwa akizunguka nani? Wewe ulikuwa kibandani kutwa. Dada alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza shule, anangoja kazi. Akishaosha vyombo vya asubuhi aliingia kile chumba cha stoo nyuma ya jiko, na hakutoka mpaka Mama aite chakula cha mchana. Wewe ulimpokea jioni kwa saa moja, na nusu yake ulikuwa ukieleza ulivyochoka. Sakafu ya stoo mpaka leo ina njia ya duara iliyolika, na si kwa viatu vyako. Dada alijua kwa sauti tu kwamba unga umekwisha makali. Alikuwa akisukuma huku amefumba macho, na Mama, akidhani anasinzia humo, akawa anamgombeza.

"Silali, Mama," alikuwa akijibu. "Nasikiliza."

Kioo kilipokaribia kwisha mliingia hatua ya kung'arisha. Kile cha chini kikafunikwa lami, lami ikakatwa mifereji kwa kisu, ikapakwa unga mwekundu laini kuliko poda. Hapo ikiingia punje moja ngumu, moja tu, ikakwama kwenye lami, kazi ya miezi inachanika. Ndiyo maana ukabandika karatasi mlangoni: USIINGIE NA NGUO ZA KAZI. NAWA MPAKA VIWIKONI. Mwandiko wako, amri yako. Dada alinawa mpaka ngozi ikamchubuka.

Asubuhi moja aliingia, akafunua kitambaa, akakiinua kioo dirishani. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole kidogo, umejipinda. Akakuita kabla hujaondoka kwenda kazini.

"Umefanya nini?" ulimwuliza.

"Mimi? Ndiyo kwanza nafunua."

"Jana asubuhi hukushika?"

"Nilishika, na nilikiacha kizima. Wewe jioni hukukitazama?"

"Jioni hapakuwa na mwanga," ulisema. "Sikutazama kitu."

Mama alikuja na mwiko mkononi kuuliza kelele ni za nini. Ukamwambia, dada akisikia, kwamba binti yake ana mkono mzito, na kwamba ungejua usingemkabidhi kazi ya watu makini. Ukakibeba kile kioo cha chini pamoja na lami yake, ukasema unakwenda kuitupa kwa kuwa ameshaichafua. Dada hakubisha tena. Alikuamini wewe kuliko alivyoiamini mikono yake, na hilo ndilo linalotukereketa mpaka leo.

Kama yangeishia hapo, nani angekuandikia haya? Vijana hukosea, wakaogopa, wakadanganya. Lakini wewe hukuishia hapo. Mkwaruzo wenyewe haukudhuru chochote, ulijua hivyo, kioo kikapakwa fedha na kikaona vizuri kuliko mlivyotarajia. Ungeweza kuufunika kwa kimya chako ukazeeka nao. Badala yake ukaufanya kichekesho.

Jioni ya kwanza, kabla ya chakula, mliisimamisha darubini uani kando ya tangi la maji, ukaielekeza kwenye Zohali, sayari yenye pete. Ulitazama wewe kwanza, mdomo wazi, mpaka tukakusukuma. Akafuata Mama, akauliza, "Sasa hicho kitu kimeshikiliwa na nini?" Zamu ya dada ilipofika alipasuka kicheko. "Mwongo wewe! Umebandika picha humu!" Akanyoosha mkono aguse bomba kuhakikisha. Ukamdaka kifundo cha mkono. "Wewe tazama tu. Kugusa tuachie sisi." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo likawa neno lako. Kila mgeni wa chama ulimfunulia mkia wa bomba, ukamwonyesha ule mkwaruzo, ukasema, "Hii ni saini ya dada yangu. Ndiyo maana simpi hata kikombe." Mgeni anacheka, na dada yuko palepale, ameshika daftari la kusaini wageni, maana hiyo ndiyo kazi uliyompa kwenye chama. Miaka thelathini na mmoja, Kaka! Hata utani una siku ya kuchoka. Wako haukuchoka.

Mwaka uliofuata alikuja mwenye karakana ya kusaga lenzi za miwani. Alikuwa anatafuta watu. Alikigeuza kioo, akakipitisha kwenye mwanga, akakigeuza tena. "Nani kasaga hiki?" akauliza. "Huu mkono nautaka." Dada alikuwa amesimama mlangoni na fomu ya maombi mkononi, ameshaijaza tangu juzi yake. Sisi tulikuwepo, tulikuwa tunamngoja aseme.

"Mimi," ukajibu. "Ila huo mkwaruzo ni wa huyo hapo." Ukamwonyesha kwa kidevu.

Mwenye karakana akacheka kwa adabu. Kazi yenyewe hukuitaka, ulikuwa na kibanda chako! Dada aliikunja fomu mara nne akaitia mfukoni, na mwezi uliofuata akaenda kuwa karani wa masjala, kupanga mafaili. Yuko huko mpaka leo, anastaafu mwakani. Nyumbani kwake vikombe vyote ni vya plastiki, na miaka yote hiyo sisi tulidhani ni kubana matumizi.

Sasa sikiliza yaliyotokea ulipokuwa hupo.

Mwezi uliopita Mwenyekiti wa chama, yule mpima viwanja mliyekuwa naye tangu mwanzo, alitupigia simu kwamba ukitimiza mwaka wataiweka darubini ile kwenye kabati la vioo ukumbini, pamoja na kadi ya maelezo. Akamsomea dada kadi hiyo akidhani anamfurahisha. "Darubini ya kwanza ya chama. Kioo kimesagwa kwa mkono na marehemu mwanzilishi. Mkwaruzo ulifanywa na dada yake."

Dada alimwomba jambo moja, aondoe sentensi ya mwisho. Sifa ya kusaga hakuidai, hata kuitaja hakuitaja. Hakutaka tu kufungiwa kabatini na lawama watu wakimsoma milele.

"Ah, dada!" Mwenyekiti akasema. "Huo ndio utamu wenyewe. Marehemu alikuwa akiupenda sana utani huo."

Jumapili yake mke wako alituita tumshushie vitu vyako juu ya kabati la nguo, tuone kipi kiende ukumbini. Kibiriti akapanda kwenye kiti, akashusha boksi la viatu lililofungwa kamba, zito ajabu. Tukalifungua sakafuni. Ndani, kwenye gazeti lililogeuka rangi, kulikuwa na kile kioo cha chini na lami yake. Ile uliyokwenda kuitupa.

Dada alipiga magoti akainama kuitazama, mikono ameiweka mgongoni. Lami ilikuwa imelegea kwa joto la miaka, mifereji imejiziba. Lakini katikati ya ule weusi uliopakwa wekundu palikuwa na punje moja ya kijani, kubwa kama ya chumvi, na kuizunguka palikuwa na duara la rangi nyeupe lililovutika likawa na umbo la yai.

"Kijani," alisema. "Sisi hatukuwa na kitu cha kijani mle ndani."

Hamkuwa nacho. Unga wenu ulikuwa mweusi na mwekundu. Cha kijani kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa kibandani kwako, lile jiwe la mashine ya kunolea ulilotamba nalo kwamba mji mzima hakuna fundi mwingine analo. Likinoa, vumbi lake lilikuwa likikujaa kwenye aproni na kwenye mikunjo ya mikono ya shati. Na rangi nyeupe ile ni ya kopo lako la kuandikia namba kwenye funguo. Kwa hiyo uliiona punje, Kaka. Uliitafuta, ukaipata, ukaizungushia alama, ukaijua ni ya wapi. Kisha ukaifunga kwa kamba, ukaipandisha juu ya kabati, ukashuka, ukaenda kuwachekesha watu.

Mke wako ndiye aliyetangulia kusema. "Wifi, turudishe juu. Marehemu hasemwi."

"Mimi nimesemwa nikiwa hai, wifi," dada akamjibu.

Shemeji alijitahidi kukutetea, mke ni mke. Alisema kama ungekuwa huna moyo ungeitupa kweli, na kwamba mtu haweki kitu kama kile karibu na nguo zake bure, ilikuwa ikikuuma. Tumelifikiria hilo, tunakiri. Huenda kila ulipofungua kabati ulikuwa ukiliona boksi. Huenda kuna siku ulilishusha ukalirudisha. Lakini kutoka kwako mpaka kwa dada ni mwendo wa dakika kumi, na ulikuwa ukienda kila Jumapili kula kwake, ukisifu mboga. Maumivu yako uliyatunza vizuri mno. Yake ukayasimulia.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kabati. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akasoma kadi, na alipofika kwenye mkwaruzo watu wakacheka mapema, wamezoea. Dada akainuka. Akapita katikati ya viti, Kibiriti nyuma yake na boksi.

"Naomba mtazame hapa kabla hamjafunga," alisema. Ni ile sauti yake ya masjala, haipandi wala haishuki.

"Dada yetu naye!" mtu mmoja akatania. "Msimpe kitu ashike!"

Mwenyekiti alitoa kile kioo chake cha kukuzia, cha kusomea ramani, akainama juu ya lami. Akakaa ameinama mpaka watu wa nyuma wakaanza kusimama waone kulikoni. Alipoinuka alikuwa hamtazami mtu.

"Hiki ni kijani cha kibandani," alisema. "Siku ile tulitoka wote kule moja kwa moja. Alikuwa na haraka anionyeshe kioo kabla giza halijaingia. Nikamwuliza, 'Hatunawi?' Akasema, 'Mara moja tu.' Alikuwa hajavua aproni. Akasukuma kidogo, mara tatu nne, nione kinavyoteleza."

"Na asubuhi yake ukasikia ni mimi," dada akasema.

"Nikasikia ni wewe."

"Ukanyamaza."

"Niliona ni mambo ya ndugu, dada. Nikanyamaza."

Na wewe Mwenyekiti, kama unasoma, usidhani umepona. Umo humu humu.

Tumpe lake lakini. Alichukua kalamu palepale, akakata mistari miwili, akaandika juu yake kwa herufi za mpima, zilizonyooka. Kioo kimesagwa kwa mkono na dada yake. Mkwaruzo ulifanywa na marehemu mwenyewe. Akausomea ukumbi. Hakucheka mtu. Mama akasema kwa nguvu kutoka kiti cha mbele, "Andika kubwa, wenye macho mabovu nao waone!" Kibiriti alipiga makofi peke yake kwanza, kisha ukumbi mzima ukafuata, na yule mtani akatafuta njia ya kutoka kwenda kuvuta hewa.

Tukadhani yamekwisha. Tulikuwa tumeshaanza kukusamehe, Kaka, tunakuambia ukweli. Tulikuwa tumebakiza kidogo sana.

Mwenyekiti akafungua mkia wa bomba ili kioo kitolewe kiwekwe rafu ya juu, peke yake, watu wakione. Akarudi nyuma hatua mbili. "Dada, kitoe wewe," akasema. "Ni chako."

Makofi yakazidi. Dada akasogea. Alikuwa hajakigusa tangu asubuhi ile ya stoo. Akafuta viganja kwenye sketi, upande huu na upande huu. Akanyoosha mikono mpaka vidole vikabakiza upana wa ukucha kufika ukingoni mwa kioo, na hapo vikagoma kusonga. Sisi tuliokuwa karibu tulimwona akivikazia macho, anavibembeleza. Kadi ilikuwa mezani mbele yake, wino bado mbichi, kila kitu kimeandikwa. Makofi yakapungua, kisha yakakoma.

Akairudisha mikono.

"Naomba mtu mwingine akitoe," alisema. "Nisije nikakiharibu."

Hakuwa anatania wala hakuwa anadeka. Alikuwa anakilinda kioo, kama mtu anavyomwondolea mtoto wake kisu. Ukumbi wote ulimsikia. Mwenyekiti akakitoa yeye. Mke wako akatoka nje akilia, na Mama, aliyetuwekea sharti la mema yako, akatutangulia kwenda nyumbani. Mlangoni akasema, "Mwandikieni. Mwandikieni yote."

Ndiyo tumekuandikia. Kadi ilisahihishwa kwa dakika moja, Kaka. Mikono ya dada hatujui tuanzie wapi.

Wanaokukumbuka mwaka huu ni mama yako, ambaye picha yako hajaiondoa ukutani ila ameiinamisha kidogo. Mke wako, ambaye hajui amlilie nani. Mdogo wako Kibiriti. Watazamanyota sitini waliokuwa wakicheka. Na dada yako, ambaye anakukumbuka kila anapopewa kitu cha kushika.

Hatutakusahau. Yeye hata akitaka, hawezi.